JASHO LA MZEE LISIKOSE DAFTARI

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*
Haya ni maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama wa Jumamosi, kabla ya ajenda ya mfuko wa wazee. Yanatumwa hapa kwa faida ya waliopata udhuru.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa kamati, mabalozi wa mashina, wazee wetu, ndugu wanachama. Itifaki imezingatiwa.

Mwenyekiti amenipa dakika kumi kabla hatujaanza kujadili mfuko wa kuwasaidia wazee wa tawi letu. Nitazitumia kuwaeleza habari za mzee mmoja wa Uingereza, Tom Moore. Wengine mlimwona kwenye taarifa za habari wakati wa korona. Habari yake ina sehemu mbili, na ya pili husimuliwa kwa nadra.

Mzee huyu alizaliwa tarehe 30 Aprili 1920 katika mji mdogo wa Keighley, kaskazini mwa Uingereza. Alijifunza uhandisi wa ujenzi, na mwaka 1940 akaitwa jeshini. Alipelekwa India, kisha Burma, akafikia cheo cha kapteni. Burma hiyo si ngeni kwetu. Ndiko walikopelekwa babu zetu wa Keya, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambao mwaka 1944 walipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, mvua ikinyesha na malaria ikiwamaliza. Hawakuwa kikosi kimoja na Moore, wala mapigano yao hayakuwa mahali pamoja, lakini vita ni ile ile.

Baada ya vita alirudi uraiani akafanya kazi kama watu wengine. Aliuza vifaa vya kuezekea, baadaye akasimamia kampuni ya zege. Alistaafu, akafiwa na mkewe, akaenda kuishi na familia ya binti yake katika kijiji cha Marston Moretaine. Mwaka 2018 alianguka akavunjika nyonga. Hospitali za umma zilimtibu, naye hakusahau.

Korona ilipoingia mwaka 2020 alikuwa na miaka 99, anatembea kwa kushikilia kigari cha wazee. Akasema atazunguka bustani ya nyumbani, mita 25 kila mzunguko, mizunguko 100 kabla hajatimiza miaka 100, na watu wachangie wahudumu wa afya. Pigeni hesabu: jumla yake ni kilomita mbili na nusu. Lengo lilikuwa pauni 1,000. Hadi siku yake ya kuzaliwa zilikuwa zimepatikana pauni zaidi ya milioni 32, kutoka kwa wachangiaji zaidi ya milioni moja na nusu. Mwezi Julai Malkia Elizabeth alimpa heshima ya kuitwa Sir. Alifariki tarehe 2 Februari 2021.

Na Afrika hatukukaa kimya. Mwezi Mei mwaka huo huo, mzee Joseph Hammond wa Ghana, mwenye miaka 95, naye askari wa Burma, alitembea mjini Accra zaidi ya kilomita tatu kila siku kwa siku saba. Alikuwa akichangisha fedha za vifaa vya kujikinga kwa wahudumu wa afya wa Afrika na za kuwasaidia askari wastaafu.

Hiyo ni sehemu ya kwanza. Inatufundisha kwamba mzee hana "sina cha kutoa". Hapa tawini tunao waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Wakirudi hawakukaa barazani kusubiri shukrani. Tukichimba mtaro wa maji wanakuja na majembe yao, tukiwa na msiba wanafika kabla ya vijana. Hilo mnalijua bila mimi.

Sasa sehemu ya pili, na hapa naomba utulivu.

Zile pauni milioni 32 zilipitia kwenye mfuko wa hisani wa huduma za afya za umma, nao ukazigawa kwa kazi iliyokusudiwa. Fedha hizo hazina doa. Lakini mwaka huo huo 2020 uliundwa mfuko mwingine kwa jina la mzee, na watu wa familia yake wakawa miongoni mwa wasimamizi. Mwaka 2022 tume ya serikali inayosimamia mifuko ya hisani ilianza uchunguzi, na mwezi Novemba 2024 ikatoa ripoti. Tume ilikuta usimamizi mbovu uliojirudia, na mali ya mfuko kuchanganywa na maslahi binafsi. Umma ulielezwa kwamba vitabu vya mzee vitausaidia mfuko, lakini malipo ya karibu pauni milioni moja na nusu yaliingia kwenye kampuni ya familia. Wanafamilia wawili walizuiwa kusimamia mifuko ya hisani kwa miaka kadhaa. Familia ilipinga matokeo hayo. Lakini leo jina la mzee likitajwa, wapo wanaouliza kwanza habari za fedha.

Ndugu wanachama, angalieni tofauti. Mzee ni yule yule, na wachangiaji ni watu wa moyo ule ule. Mfuko mmoja ulisimamiwa na watu wasio ndugu zake, wenye hesabu zinazokaguliwa. Mwingine mlango wa mfuko na mlango wa nyumba ulikuwa mmoja. Sisemi kila familia ni mbaya. Nasema hata mtu mwema akishika fedha za watu peke yake, bila wa kumwuliza, anawekwa pabaya yeye, na jina la mzee linawekwa pabaya pia.

Mimi nimesomea uhasibu ngazi ya stashahada. Si elimu kubwa, ila inatosha kunionyesha kwamba mapendekezo ya wiki iliyopita hayajakaa sawa. Ilisemwa michango itumwe kwenye simu ya Katibu "kwa sababu tunamwamini". Nashukuru kwa imani hiyo, lakini naikataa simu. Badala yake napendekeza haya:

1. Ifunguliwe akaunti ya benki kwa jina la tawi, yenye watia saini watatu. Wawili kati yao wasiwe viongozi, na mmoja awe mwanamke.
2. Kila mchango, hata wa shilingi 500, uandikiwe stakabadhi na uingizwe daftarini siku hiyo hiyo.
3. Kila mwisho wa mwezi yawekwe humu kwenye kundi mapato, matumizi na salio. Anayetaka kuliona daftari aje alione, asionekane mchochezi.
4. Ndugu wa kiongozi akihitaji msaada, kiongozi huyo atoke nje wakati kamati inaamua. Mimi nikiwemo.
5. Jina wala picha ya mzee yeyote isitumike kuchangisha kabla hajaulizwa akakubali.

Kuna mwanachama alinipigia kusema masharti haya yatawakatisha watu tamaa. Mimi naona yule mama anayeuza vitumbua, akitoa shilingi 500 yake leo, mwezi ujao atatoa tena akiiona imeandikwa. Asipoiona hatagombana na mtu. Ataacha tu kutoa, na wa kukosa dawa ni mzee.

Wazee hawa wamekwisha kutoa jasho lao. Kazi iliyobaki ya kuandika ni yetu.

Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.

*Taarifa ya nyongeza:* Hoja iliungwa mkono na kupitishwa. Majina ya watia saini yapendekezwe kwa mabalozi wa mashina kabla ya Ijumaa. Tafadhali wasomeeni wasio na simu.

Imetolewa na Katibu wa Tawi.