Jua la Matiliku na Mifupa ya Mfanyakazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama waliokutana Matiliku)



Halmashauri ilitutaka tuseme machache juu ya mifupa. Wengine wenu mmecheka. Lakini tumewasikia wenzetu wa zamu ya usiku wakilalamika: mapaja mazito, kiuno chauma, kupanda ngazi ya behewa mpaka mtu ajivute kwa mikono miwili. Mnyapara husema ni uvivu, na nyumbani husemwa ni uzee. Pengine ni sababu nyingine kabisa.

Mfupa hupata ugumu wake kwa madini ya kalsiamu. Ili kalsiamu itoke tumboni na kuingia katika damu vizuri, mwili wahitaji vitamini D. Ikikosekana, sehemu kubwa ya madini hupita tu. Mtoto hupata matege. Mtu mzima mifupa yake hulainika na kuuma, na misuli ya nyonga na mapaja hulegea. Vitamini hii haipatikani kwa wingi katika vyakula vyetu. Ngozi yenyewe huitengeneza ikipigwa na jua.

Hapo mtu wa Matiliku atauliza, sisi na upungufu wa jua wapi na wapi? Jua letu hukausha hata mito! Ni kweli. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania, watu wa kushinda nje. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, na madaktari wengi huhesabu chini ya 50 kuwa ni upungufu. Lakini mwaka 2020 vilikusanywa vipimo vya nchi nyingi za Afrika, ikaonekana kama mtu mmoja katika kila watatu yu chini ya 50, na watu wa mijini wamepungukiwa kuliko wa mashambani. Jua ni lile lile. Watu ndio waliohamia ndani.

Basi tujitazame sisi tuliotoka hapa kwenda Emali, Nairobi na Mombasa kutafuta mshahara. Mmoja yu ofisini, mmoja karakanani chini ya mabati, mmoja hufanya kazi usiku na kulala mchana mapazia yamefungwa. Anayeketi nyuma ya dirisha asijidanganye: kioo hupitisha mwanga na joto, lakini miale inayotengeneza vitamini huizuia. Asubuhi mapema na jioni pia miale hiyo ni haba. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, hapo jua lafanya kazi hiyo. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe, ila si lazima mtu ajichome. (Ndugu zetu wenye ualbino wasifuate neno hili hata kidogo, wao wamwulize daktari.)

Na jua peke yake halitoshi. Nigeria kuna jua tele, na bado watoto walipata matege kwa sababu chakula chao kilikuwa na kalsiamu kidogo mno. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1999. Ugali na chai isiyo na maziwa, siku nenda siku rudi, havijengi mfupa. Maziwa hujenga, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na uji wa wimbi ambao vijana siku hizi wanauona ni chakula cha wazee.

Sasa vidonge, maana wapo wanaotumia mshahara kwa chupa za dukani. Marekani walijaribiwa watu zaidi ya 25,000 wa makamo na wazee, nusu wakimeza vitamini D kila siku, nusu vidonge vitupu, kwa muda wa miaka mitano hivi. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba kuvunjika mifupa hakukupungua. Hao hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu. Mwenye upungufu hasa, kwake ni dawa, lakini aandikiwe na daktari, maana ikizidi mno hudhuru figo. Kwa hiyo mwenye maumivu tuliyoyataja aende hospitali, hata hapa Matiliku ipo, kabla ya kwenda dukani.

Tunaleta mashauri mawili mbele yenu. Wajumbe wadai mapumziko ya mchana yenye nafasi ya kutoka nje, na mtu mmoja asiachwe zamu ya usiku miezi mfululizo. La pili lina ubishi, twajua, kwa kuwa wengine hulipa karo kwa posho ya usiku. Tulizungumze leo. Watu wa Emali waanze kuuliza, maana matatu haitawangoja.