Mtoto Aliye Chini ya Alama ya Kwanza: Fedha za Umma na Utafiti wa Kichocho

Mada iliyowasilishwa kwa madiwani na watumishi wa afya wa wilaya iliyo kando ya Ziwa Victoria



Siku ya kingatiba ya kichocho inapofika, wanafunzi husimama mmoja mmoja kando ya kijiti cha kupimia kimo. Kila alama ya kijiti hicho huonyesha idadi ya vidonge vya prazikwanteli vinavyomfaa mtoto wa kimo hicho. Alama ya kwanza iko kwenye sentimita 94. Mtoto aliye mfupi kuliko hapo hana kipimo chake. Hurudi nyumbani bila dawa, ingawa huoga katika maji yale yale anayooga kaka yake.

Kichocho hakisubiri mtoto afikie umri wa kwenda shule. Mayai ya minyoo hutoka na mkojo au kinyesi cha mgonjwa, huanguliwa yakifika majini, na vimelea vyake humwingia konokono. Humo huongezeka kwa maelfu, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote aliyeingia majini. Mtoto anayefuatana na mama yake kwenda kufua, akaogeshwa papo hapo ziwani, huambukizwa kama mtu mzima. Asipotibiwa hupungukiwa damu na kudumaa, na miaka ikipita ini au kibofu chake huharibika.

Prazikwanteli ilitengenezwa nchini Ujerumani katika miaka ya 1970. Ni dawa nzuri, na tangu 2007 kampuni ya Merck huitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watoto wa shule. Hata hivyo, kidonge chake ni kikubwa na kichungu, nacho huweza kumpalia mtoto mdogo. Kidonge cha watoto hao kilihitaji utafiti mpya wa kipimo, usalama na ladha. Utafiti huo una gharama kubwa, na wanaouhitaji ni watoto wa wavuvi na wakulima wasio na uwezo wa kuulipia. Mfanyabiashara hutazama faida kwanza, na soko la namna hiyo halimvuti. Ndivyo watoto wa umri huo, wanaokadiriwa leo kufikia milioni 50, walivyokaa nje ya tiba kwa miongo minne.

Mwaka 2012 taasisi za utafiti na viwanda viliungana ili kutengeneza kidonge hicho. Miongoni mwa waliogharamia kazi hiyo ni mpango wa pamoja wa nchi za Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba, ulioanzishwa 2003, na mfuko wa Japani unaochangiwa na serikali ya nchi hiyo. Kati ya 2019 na 2021 majaribio ya mwisho yalifanyika Kenya na Côte d'Ivoire kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Nchini Kenya yalifanyika Homa Bay, kando ya ziwa hili hili. Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kukiridhia. Kidonge kipya kina miligramu 150, huyeyuka majini, na uchungu wake umepunguzwa.

Kazi hiyo ilichukua miaka 11. Darasa likikwama usawa wa lenta, mafundi wanaweza kuliendeleza bajeti ijayo. Jaribio la dawa likikwama, watoto walioandikishwa hukua, wataalamu huhama, na kazi huanza upya. Kwa hiyo fedha za utafiti hazina budi kuwa za uhakika, mwaka hadi mwaka.

Mjini Bamako, mwaka 2008, nchi zilihimizwa kutenga angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya kwa utafiti. Wito huo una uzito, kwa kuwa anayelipia utafiti ndiye anayechagua swali. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tanzania ina chombo chake, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya 1979 na yenye kituo jijini Mwanza.

Diwani aweza kuuliza, tena kwa haki, kwa nini utafiti uzungumzwe wakati zahanati ya kata yake haina dawa za kutosha. Jibu ni kwamba kwa mtoto wa miaka mitatu, dawa iliyojaa stoo haikumfaa kitu hadi utafiti ulipofanyika.

Halmashauri haiombwi kuendesha majaribio. Inaombwa mambo mawili. Kwanza, kila mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye dalili za kichocho aandikwe kikamilifu katika vitabu vya MTUHA, umri na kijiji, kwa maana mtoto asiyeandikwa hahesabiki bajeti inapopangwa. Pili, itengwe fedha, hata kama ni kidogo, ya kuchunguza namna ya kuwafikia watoto hao siku za kliniki, kwa kuwa kingatiba ya shuleni haiwapati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 umekwisha kuelekeza kingatiba ianze katika umri wa miaka miwili.

Kikao cha bajeti kitakapoketi, mtoto aliye chini ya sentimita 94 naye akumbukwe.