Saa Ilikosea, Waliojua Wakanyamaza

Juma hili naomba mnivumilie nizungumzie jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nalisema hadharani kwa sababu naamini limekwisha kuwapata wengine, na kwa jinsi vitu tunavyonunua siku hizi vinavyotengenezwa, litawapata wengi zaidi.

Miaka miwili iliyopita daktari alinipima shinikizo la damu, akatikisa kichwa, akaniambia kwamba kukaa studio mchana kutwa na kula chipsi mayai usiku hakutanifikisha mbali. Nina umri wa miaka 47. Nikaanza mchakamchaka alfajiri, kwanza kwa aibu, baadaye kwa raha. Wenzangu wa kikundi chetu cha mbio wakanishauri ninunue saa ya michezo, ile inayojua mahali ulipo kwa kutumia setilaiti na kukuhesabia kilomita. Nikajikamua, nikatoa laki tano na ushee dukani Kariakoo, nikaivaa mkononi kama bwana harusi.

Kwa wasioifahamu, nieleze kidogo. Mtambo huo wa GPS ni wa Marekani, nao una setilaiti zaidi ya 24 zinazoizunguka dunia, kiasi cha kilomita 20,200 juu ya vichwa vyetu. Kila setilaiti hutangaza saa yake bila kukoma, kama redio inayosoma majira. Saa ya mkononi hupokea matangazo ya setilaiti 4 au zaidi, hupima kila tangazo limechelewa kiasi gani kufika, na kwa hesabu hiyo hujua imesimama wapi. Mawimbi hayo husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kwa hiyo ukikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Mpiga hesabu wa yote hayo ni programu iliyomo ndani ya saa. Programu ikiwa nzima, saa ni mwalimu mwema. Programu ikiharibika, saa hubaki inang'aa vilevile, lakini ni mwongo mkononi mwako.

Mwezi wa Julai mwaka jana simu yangu iliniarifu kwamba kuna toleo jipya la programu ya saa. Nikabonyeza kukubali, kama tufanyavyo sote bila kusoma. Tangu siku hiyo nikaanza kuwa hodari. Kilomita moja niliyokuwa nikiikimbia kwa dakika 7, sasa saa ikasema ni dakika 6. Kila asubuhi ikanipongeza kwa maandishi na vijinyota. Nami, wasikilizaji, sikuuliza. Nani anayeuliza anaposifiwa?

Mwezi Februari nikapanda basi kwenda Moshi kwenye nusu marathoni, ambayo ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Palepale mwanzoni nikajiunga na kundi la watu wanaokwenda kilomita kwa dakika 6, kwa maana hiyo ndiyo kasi yangu, saa imesema. Kilomita 5 za kwanza nilikuwa mtu. Kilomita ya 9 nikaanza kuona Mlima Kilimanjaro ukiyumba. Kilomita ya 12 nilikuwa nimelala kando ya barabara, na muuguzi wa makamo ameshika mkono wangu akihesabu mapigo ya moyo. Akaniuliza, "Baba, kwa umri huu na presha yako, nani kakutuma ukimbie hivi?" Nikamjibu, "Saa." Hakucheka, wala mimi sikucheka.

Nikarudi Dar es Salaam nimeamua kuipeleleza. Daraja la Tanzanite, lile linalopita juu ya bahari kutoka upande wa hospitali kwenda Coco Beach, lina urefu wa mita 1,030. Ni urefu unaojulikana, umepimwa na wahandisi, hauna siasa. Nikakimbia kutoka ncha moja hadi ya pili. Saa ikaandika mita 1,180. Nilipotazama ramani yake nikaona sababu: badala ya kunichora nikienda kwa mstari uliotulia, ilinichora nikiyumba kulia na kushoto kama mlevi, na mara tatu imeniingiza katika Bahari ya Hindi. Saa hizi huweka nukta, kisha huziunganisha na kujumlisha urefu. Nukta zikirukaruka, njia huwa ndefu kuliko ulivyotembea, na wewe huonekana una mbio kuliko ulivyo.

Basi nikaiandikia kampuni iliyoitengeneza, iliyo nchi za mbali. Sitaitaja, maana sikuja hapa kumfungulia mtu kesi. Jibu lilikuja siku ya nne, kwa lugha nzuri sana. Walinishukuru kwa kuwa mteja wao. Wakasema tatizo hilo wanalifahamu tangu mwezi Agosti, na kwamba litarekebishwa katika toleo lijalo. Nikauliza, lijalo lini? Wakajibu kwamba hawawezi kutaja tarehe. Nikaandika tena mwezi Machi, nikaandika Aprili. Kila mara jibu ni lile lile: tunalifanyia kazi. Dawa ilifika mwishoni mwa Mei. Hesabu mwenyewe: ugonjwa Julai, dawa Mei.

Sasa, wasikilizaji, msinielewe vibaya. Sina ugomvi na kuchelewa peke yake. Nimewauliza vijana wanaoandika programu, wakanieleza kwamba kurekebisha kosa moja kwa haraka huweza kuzaa makosa matatu, kwamba kila toleo lazima lijaribiwe kwenye saa za aina nyingi, na kwamba wenye busara hulitoa kwa watu wachache kwanza. Nakubali. Wahenga walisema subira yavuta heri. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na tofauti ya methali hizi mbili ni moja: kuambiwa ukweli.

Nilipokuwa kijana, marehemu baba alinituma kupeleka saa yake ya kutia ufunguo kwa fundi saa aliyekuwa na kimeza chake barazani, kioo kimebanwa jichoni. Yule mzee alikuwa mchelewaji. Leo Jumamosi, kesho Jumamosi. Walakini kila nilipokwenda aliifungua ile saa mbele yangu, akanionyesha kijigurudumu kilichokatika meno, akasema, "Mwambie baba yako, spea haijafika. Asiitegemee kwa safari." Maneno matano au sita tu, na baba hakukosa treni.

Kampuni ile inayo anwani yangu ya barua pepe. Inajua namba yangu ya simu, uzito wangu, mapigo ya moyo wangu, na saa niliyolala jana. Kila asubuhi ilipata nafasi ya kunipongeza. Je, ilishindwa tangu Agosti kunitumia mstari mmoja usemao: ndugu, umbali unaosomwa na saa yako si sahihi, usiutegemee mpaka tutakapokuarifu? Mstari huo usingewagharimu hata senti. Kwangu ungekuwa tofauti ya kumaliza mbio kwa miguu yangu na kulala kando ya barabara.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulitafakari. Zamani ukinunua kitu, kilikuwa chako na fundi wa mtaani angekitengeneza. Leo unanunua nusu ya kitu, nusu nyingine ni ahadi ya mwenye kiwanda kwamba ataendelea kukihudumia. Na hata kisipopata hitilafu, bila huduma huzeeka. Mtambo wa GPS wenyewe tangu mwanzo ulihesabu majuma 1,024, kisha ukarudi sifuri. Ulirudi sifuri mwezi Agosti 1999, ukarudi tena Aprili 2019, na vipokezi vya zamani ambavyo havikuwa vimerekebishwa vilisoma tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Havikuanguka, havikulowa. Viliachwa tu.

Wenzetu wameanza kuamka. Huko Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji wa vifaa vinavyounganishwa na intaneti atangaze ataendelea kutoa marekebisho ya usalama kwa muda gani. Sheria hiyo inahusu usalama wa vifaa, si kila kosa la kilomita, lakini mlango umefunguliwa. Hapa kwetu tunayo Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Naiomba itazame jambo hili. Boksi la saa, la simu na la runinga liandikwe kwa Kiswahili: kifaa hiki kitahudumiwa hadi mwaka fulani, na kikigundulika kina kosa, mwenye nacho ataarifiwa.

Kwa sasa, tujilinde wenyewe. Kabla ya kulipa, muulize muuza duka kifaa kitahudumiwa mpaka lini; akicheka, rudisha pochi mfukoni. Usipokee toleo jipya juma la mashindano. Na kila baada ya toleo jipya, ipime saa yako mahali unapopajua urefu wake, iwe daraja au uwanja wenye njia ya mita 400. Zaidi ya yote, usikilize mwili wako, maana pumzi haina programu.

Saa yangu sasa inasema kweli. Daraja la Tanzanite ni mita 1,034, na mimi nimerudi kuwa mtu wa dakika 7. Inauma kidogo, lakini ni kweli yangu, na Moshi nitakwenda tena. Nimeitunza ile barua yao isemayo walijua tangu Agosti. Ahadi ni deni, wasikilizaji, na kunyamaza kwa anayejua ni deni kubwa zaidi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.