Michakato ya Chini kwa Chini Ichoshayo Kompyuta: Mada kwa Watunzaji wa Mitambo wa Kisangani



Katika maana ya istilahi sitarefusha. Mchakato ni programu iliyo kazini. Wa chini kwa chini ni ule usio na dirisha, ambao hata hivyo hula kichakataji, kumbukumbu na diski kama wenziwe. Hayo mnayafahamu.

Lililonishughulisha miaka mingi ni svchost.exe, jina moja libebalo huduma nyingi za Windows, miongoni mwazo huduma ya masasisho. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, la mwaka 2017, huduma nyingi zimepewa kila moja mchakato wake. Lakini kompyuta zenye kumbukumbu chini ya GB 3.5, ambazo ofisi zetu hazijaacha kuzitegemea, zingali zikizikusanya pamoja, hata mtunzaji afunguapo Gestionnaire des tâches, yaani orodha ya michakato ya Windows, huona jina moja limetamalaki, asijue mwenye kosa ni nani. Akiuua mchakato huo kwa hasira, aghalabu huua pamoja nao mtandao au sauti, na baada ya kitambo maradhi hurejea yaleyale.

Katika ofisi moja mjini humu, ambamo jenereta huwashwa kwa saa chache tu, nilikuta taa ya diski haizimi, na karani amekwisha kuzoea kupiga neno zima kisha kungoja herufi zitokee. Mwenye kosa alikuwa ile huduma ya masasisho. Upakuaji wa sasisho uliokatizwa huweza kuendelea ulipoishia. Usakinishaji uliokatizwa hutenguliwa, ukaanza upya. Basi kila umeme ulipozimika kazi ya jana ilibatilika, na mashine ikawa haina siku ya kumaliza. Bila ya kumlaumu yeyote, na kwa heshima zote kwa wenye dhamana, yanisikitisha kwamba shauri litolewalo daima ni kununua kompyuta mpya, ilhali nayo itawashwa kwa saa zilezile.

Kwa hiyo napendekeza:

1. Mchakato usiuawe kabla ya kujulikana. Amri tasklist /svc huorodhesha huduma zilizomo ndani ya kila svchost.

2. Masasisho yasizimwe moja kwa moja, kwani ndiyo kinga ya mashine.

3. Mtandao wa kulipia kwa kipimo utiwe alama hiyo katika mipangilio, ili upakuaji mwingi usianze bila idhini.

4. Kompyuta za ofisi moja ziruhusiwe kugawiana masasisho, kila moja isipakue peke yake.

5. Usakinishaji usianzishwe ila umeme ukiwa wa hakika, au betri ya akiba ikiwapo.

6. Narudia: mchakato usiuawe kabla ya kujulikana.

7. Wakuu wa ofisi watenge usiku mmoja kila mwezi, jenereta isizimwe mpaka masasisho yakamilike. Na ombi hili naisihi kamati iliingize katika maazimio ya semina, kwa kuwa gharama ya mafuta ya usiku huo haifikii gharama ya kompyuta mpya hata moja.