Mifupa yetu ni sanduku: tuweke kabla ya kutoa

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya komite, mbele ya mkutano wa wanamemba, Baraka)



Kila mkutano tunasikiliza hesabu ya sanduku la mshikamano, na kila mara kuna mstari unaorudi: fulani amevunjika. Baba ameanguka toka kwenye mchikichi. Mama ameteleza na bidoni ya maji. Kijana ameangushwa na pikipiki. Tunachanga, tunapeleka mgonjwa, tunashukuru Mungu. Lakini jembe la nyumba ile linakaa ndani miezi mitatu, na msimu hausubiri mtu. Sisi tuliovuka ziwa toka Kigoma tulirudi na vyombo vichache, wengine na mabati tu. Mali kubwa tuliyoshuka nayo ni mikono na miguu. Basi leo tuongee juu ya mifupa.

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto akizaliwa anayo mingi zaidi, karibu 300, kisha mingine inaungana akikua. Zaidi ya nusu ya mifupa yetu iko kwenye mikono na miguu: kila kiganja pamoja na kifundo chake kina 27, kila wayo pamoja na kifundo chake una 26. Ndiyo sababu mkono unaweza kushika jembe na pia kushika sindano. Mrefu kuliko yote ni wa paja. Mdogo kuliko yote uko ndani ya sikio, na bila huo hata maneno haya hamngeyasikia vizuri.

Kazi yake ni nini? Mifupa inatusimamisha kama nguzo zinavyosimamisha nyumba. Inalinda: fuvu linalinda ubongo, mbavu zinalinda moyo na mapafu, uti wa mgongo unalinda mishipa ya fahamu inayopita katikati yake. Misuli inajishika kwenye mifupa ili tutembee na kubeba. Ndani ya mifupa mikubwa kuna uboho, na humo damu inatengenezwa kila siku. Tena mfupa ni ghala. Karibu kalsiamu yote ya mwili, sehemu 99 kwa 100, imewekwa humo na kwenye meno.

Wengi wetu tunafikiri mfupa ni kitu kikavu, kama jiwe. Mfupa wa mtu aliye hai uko na damu, unakula, unajirekebisha. Kila siku mwili unabomoa sehemu kidogo na kujenga mpya. Chukueni mifupa miwili ya kuku mjaribu nyumbani na watoto. Mmoja utieni kwenye moto muda mrefu: utabaki na umbo lake, lakini ukiugusa unavunjika-vunjika. Mwingine utieni kwenye siki siku kadhaa: utalegea mpaka unapinda. Moto umeunguza ile nyama-nyama inayoshikamanisha mfupa, siki imetoa madini. Kwa hiyo mfupa unataka vitu viwili: madini yanayoufanya uwe mgumu, na protini inayouzuia usikatike kama kijiti kikavu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mfupa unafanya kazi kama sanduku letu. Kuna miaka ya kuweka na miaka ya kutoa. Toka utoto mpaka karibu miaka 30, mwili unaweka zaidi ya unavyotoa. Baada ya hapo akiba inaanza kupungua polepole. Kwa wamama inapungua kwa haraka pale hedhi inapokoma. Aliyeweka nyingi ujanani ataonja uzee kwa nafuu. Aliyeweka kidogo, hata kuanguka kwa kawaida uani kunaweza kumvunja. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, na mifupa pia tuitunze ingali mibichi.

Watu wanauliza: tutaweka nini, na sokoni maziwa ni ghali? Anayepata maziwa anywe na awape watoto. Lakini ziwa letu linatupa ndakala. Samaki mkubwa tunakula nyama na kutupa miiba, ila ndakala tunamla mzima, pamoja na kichwa na mifupa yake, na kalsiamu iko humo. Ukimpatia mtoto, msage kwenye uji au kwenye mchuzi. Sombe na lengalenga zinaongeza. Maharagwe, soya, karanga na mayai yanaleta protini. Kinachotuumiza ni sahani ya bugali mtupu kila siku. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha apewe sehemu nzuri, siyo mabaki, kwa sababu chakula kikikosa kalsiamu, mwili wake unaitoa kwenye mifupa yake ili mtoto apate.

Jua nalo ni chakula cha mfupa. Ngozi ikipata jua, mwili unatengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu tunayokula haiingii vizuri. Sisi wa shamba jua tunalo. Wanaolikosa ni watoto wachanga wanaofungwa nguo na kufichwa ndani, na wazee wasiotoka. Watolewe nje asubuhi. Mtoto ambaye miguu inapinda kadiri anavyokua, aonwe na muganga mapema.

Kutembea, kulima, kucheza mpira, yote yanaimarisha mfupa, juu mfupa usiopewa kazi unadhoofika. Hata mgonjwa akiruhusiwa kusimama, tumsimamishe. Sigara na lotoko vinakula akiba ile ile. Na mlevi pia anaanguka.

Lakini kazi na mateso ni vitu viwili. Msichana anayebeba kuni zinazozidi nguvu zake, kamba ikimvuta kipaji cha uso, hajengi mifupa, anaumiza shingo na mgongo. Mzigo ugawanywe mara mbili. Wakati wa kuinua, tukunje magoti na kuukaribisha mzigo kifuani. Na wababa, tuseme ukweli: mwanaume naye ana mgongo wa kubebea.

Mtu akivunjika tufanyeje? Tusivute wala kunyoosha kiungo. Tukifunge jinsi kilivyo kwa vijiti viwili vilivyozungushiwa nguo, fundo la juu na fundo la chini ya jeraha yatulie. Tuangalie vidole vyake mara kwa mara. Vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, tulegeze kamba pale pale. Mfupa ukitokeza nje, tufunike kwa nguo safi. Tusitie udongo, majivu wala majani. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile, apate dawa ya vidonda na sindano ya pepopunda. Aliyeanguka toka mchikichi na kulalamikia shingo au mgongo, asiinuliwe kwa makwapa: watu kadhaa wamwinue pamoja, mwili ukiwa umenyooka, alazwe kwenye mlango au ubao. Na mzee aliyeanguka, mguu mmoja ukaonekana mfupi na wayo umegeukia nje, amevunjika kwenye nyonga. Kumkanda na maji ya moto hakutasaidia.

Hapa tunawaheshimu wazee wanaounga mifupa. Wamesaidia wengi, hata kambini Nyarugusu, na wengine wao ni memba wetu. Hatusemi waache. Tunasema mgonjwa aanzie kwenye kupigwa picha. Kamba iliyokazwa sana inazuia damu, kiungo kinaoza, na mtoto aliyevunjika mkono tu anaishia kukatwa mkono. Hakuna mzee hapa anayetaka hilo. Mfupa wa mkono wa mtu mzima unataka karibu wiki sita kushikana, wa mguu miezi mitatu au zaidi, hata ufungwe na nani.

Tena siyo kila maumivu ya mfupa ni kuanguka. Mgongo unaouma wiki nyingi, pamoja na homa za jioni na kukonda, au unaoanza kutokeza nundu, unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kinapona, na dawa zake zinatolewa bure, ila mtu akichelewa anaweza kupooza. Mtoto ambaye mikono na miguu inavimba, analia mifupa mara kwa mara, macho yana umanjano, apimwe damu: inaweza kuwa ugonjwa wa selimundu. Siyo uchawi, na jirani asituhumiwe.

Komite inaleta mambo matatu mbele yenu. La kwanza, sanduku litoe pesa ya safari na ya picha ya mfupa siku ile ile ya ajali, bila kusubiri mkutano. Kuchelewa kunagharimu kuliko picha. La pili, kila kikundi kiwe na kipoyi chake, vijiti vya kufungia vilivyo tayari, na watu wawili waliofundishwa na kituo cha afya, mmoja wao akiwa muunga mifupa. La tatu, wanamemba wamtembelee kila mjane na kila mzee anayeishi peke yake, waondoe jiwe mlangoni, watengeneze njia ya choo, wamchongee fimbo. Kazi hiyo haina bei, ni nusu siku ya salongo.

Nanyi wafadhili, mara nyingi mnatuuliza mtume nini. Msitume makatoni ya vidonge vya mifupa. Tusaidieni nauli ya kufika hospitali na pesa ya picha, mbegu za soya na lengalenga, na kuku wa kuanzia kwa wajane. Hayo yataendelea kuzaa hata mkisahau jina letu.

Wandugu, mfupa uliovunjika wa mtu mmoja unalaza nyumba nzima na njaa. Leo usiku, kila mmoja aangalie sahani ya mtoto wake: je, kuna hata ndakala wawili? Aangalie pia njia ambayo mama yake anapita usiku kwenda choo. Tukirudi mwezi ujao, kila kikundi kitueleze kimefanya nini.