Mji ukiwa mteja wa jua



Huko Minnesota, Marekani, sheria ya 2013 iliruhusu shamba la paneli za jua kugawanywa hisa. Manispaa hujiandikisha kama mteja, na thamani ya umeme wa sehemu yake hupunguzwa kwenye bili.

Je, Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zaweza kuiga? Jua si geni. Mwaka 2017, kampuni inayoitwa leo Nuru iliwasha Beni mtambo wa kilowati 55. Mwaka 2020 ikajenga Goma mtambo wa megawati 1.3. Sheria ya Kongo ya 2014 nayo ilikwishafungulia wawekezaji binafsi mlango, kampuni ya umeme ya taifa, SNEL, isibaki peke yake.

Hapa ndipo penye uzito. Mji ukilipia taa za barabarani kila mwezi, kampuni hupata mteja wa kudumu na kuthubutu kufikisha nyaya hadi kwa kinyozi na fundi wa kuchomelea, wanaokula hasara kwa mafuta ya jenereta.

Lakini upande wa pili: ofisi ya mji isipolipa, deni atalibeba nani? Tena tangu Mei 2021, chini ya hali ya dharura, miji hii inaongozwa na maafisa wa jeshi na polisi. Mkataba wa miaka 20, nani autie saini?