Matembezi ya Jamaa katika Nchi ya Mawokota



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake. Ama baada ya hayo:

Jamaa itokayo Kampala kwa njia ya Masaka, ikashuka Mpigi na kushika mwendo wa miguu, huingia Mawokota: vilima mfululizo, mafunjo mabondeni, na msitu wa Mpanga. Vijana wengi wameupita msitu huo kwa gari, wala hawakujua umebeba nini.

Karibu nao pana Mpambire, mahali pa mafundi wa ngoma. Fundi huchimba gogo, huwamba ngozi, na ngoma zake huzipanga kando ya njia. Lakini mti uliokatwa pasipandwe badala yake, mjukuu wa fundi atarithi patasi bila gogo.

Katika migomba ya raia liko somo la pili, nalo ni mti uitwao mutuba. Fundi huubandua gome, kisha hulifunika shina kwa majani ya mgomba, na gome huota tena. Lile lililobanduliwa hupondwa kwa nyundo za mti hata likawa nguo laini yenye rangi ya udongo mwekundu. Mti mmoja huvunwa miaka mingi, nao u hai. Ukoo wa Ngonge ndio uliomtengenezea Kabaka nguo hizo.

Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna akamtajia Mwenyezi Mungu. Misafara ya pwani ilileta dini, ikaleta na nguo za pamba. Pamba ilipoenea, kazi ya gome ilififia, ikabaki ya mila na mazishi. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa wanadamu wote.

Basi Waislamu wa nchi hii wana deni la heshima kwa fundi huyo. Wapitapo kwake wamsalimu, wamsikilize, wanunue kazi yake. Na kila mtoto wa jamaa apande mti, kwani Mtume amefundisha kuwa mti wa Muislamu, akila ndege au mtu, ni sadaka.

Mwenyezi Mungu aibariki safari na wasafiri. Amin.